Mwonja Uchungu

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kutia mdomoni vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu angevimwaga shimoni, kuvizungusha juu ya ulimi kwa nusu dakika, kisha kuvitema katika beseni jeupe lililoanza kuingia kutu ukingoni. Nimejaribu mara kadhaa kumweleza kwa namna yenye heshima zaidi, nikashindwa. Kila nikianza na sifa zake, lile beseni linajisogeza mbele na harufu yake. Basi na litangulie.

Maabara yetu hupima dawa za mitishamba. Watu hutuletea majani, mizizi na magome, vingine vikiwa vimefungwa kwa adabu ndani ya karatasi, vingine vikiwa vimevunda katika mifuko ya plastiki na funza wakitembea humo kama wenye nyumba. Sisi hutafuta mambo mawili: kilichomo kinachotibu, na kilichomo kinachodhuru. Tunakausha, tunasaga, tunaloweka, tunachuja. Vumbi la kinu huingia puani, na jioni mtu akipenga kamasi hutoka rangi ya kahawia. Niliposoma chuo kikuu sikuelezwa habari za kamasi.

Kimojawapo cha vipimo vyetu ni kipimo cha uchungu. Hatuna mashine ya kukifanya. Hufanywa kwa ulimi wa mtu. Dawa huchemshwa, huzimuliwa kwa maji mara kumi, mara mia, mara elfu, na mwonjaji huanzia glasi iliyo hafifu kabisa akipanda ngazi, mpaka afike mahali aseme, “Hapa.” Kati ya glasi na glasi husukutua kwa maji na kusubiri dakika kumi, akiwa amekaa kimya kama mtu aliyefiwa. Lakini kwanza ulimi wenyewe hupimwa kwa kwinini. Asiyeisikia kwinini pale inapopaswa kusikika hurudishwa kwenye kalamu yake.

Mimi nilirudishwa. Mwaka nilipoanza kazi tulikuwa wahitimu watano, wote tukajaribiwa, na kati yetu walipita wawili tu. Yeye alikuwa muosha chupa. Alikuwa akipiga deki nyuma yetu, akasimama, akaegemea ufagio wake wa maji na kusema, “Samahanini wakubwa, glasi ya tatu na ya nne mmezibadilisha.” Tulicheka. Mmoja wetu akamuuliza amejuaje. Akasema glasi za majaribio ya asubuhi alizikusanya yeye, matone yakamrukia mdomoni, na tone la glasi ya tatu lilikuwa chungu kuliko la glasi ya nne. Tulikagua vibandiko. Kweli, tulikuwa tumevibadilisha. Tangu siku ile akavishwa koti jeupe, na jina lake likawa Ulimi.

“Ulimi, leo tumekupikia nini?” wenzake walimtania asubuhi.

“Kama ni kile cha jana, mpelekeeni mama mkwe wenu.”

Watu walidhani ameizoea kazi. Niliwahi kumwambia hivyo, kwa nia ya kumsifu, naye akanitazama kwa huruma ile ambayo mtu humpa mtoto aliyevaa viatu mguu huu kwa ule. “Kinyaa hakizoeleki, bosi,” alisema. “Unazoea kukificha, basi. Kila glasi nakisikia kama ya kwanza. Siku nitakapoacha kukisikia mnifukuze, maana mtakuwa mmebaki na ulimi wa kiatu.” Alikula uji usio na sukari na kunywa maji baridi, kwa sababu kila chakula kilimjia kimeshalala na dawa. Nyuzi za mizizi zilimganda kwenye meno. Akimbusu mjukuu wake shavuni, mtoto alijifuta.

Kwao aliishi na mama yake, mwanamke wa miaka sabini na mitano ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Gome. Jina hilo lilitokana na gunia la magome aliloliweka nyuma ya mlango wa jikoni. Miguu ya Bibi Gome ilikuwa ikivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Mara mbili kwa mwezi alichemsha kipande cha gome, akapata nusu kikombe cha maji meusi, akayanywa kwa mkupuo. Baada ya robo saa alitapika. Hakutapika kistaarabu. Alitapika kwa kelele, tumbo likimpinda, kamba za ute zikining’inia kidevuni, na binti yake akimshika paji la uso kwa mkono mmoja na chombo kwa mwingine. Kesho yake miguu ilipungua na pumzi ikamrudi. “Isipotoka, haijaingia,” ndiyo iliyokuwa kauli yake, na majirani waliokuja kuomba kipande walipewa kauli hiyo pamoja na gome.

Ulimi alikuwa na mdogo wake wa kiume. Wote walimwita Injinia, ingawa alichokijua vizuri ni mashine za kufungasha juisi. Alipokuwa mtoto, yeye ndiye aliyelichukia gome kuliko wote. Ilibidi akamatwe na watu wawili ili anyweshwe. Alipokua hakustahimili kumwona mama yao akitapika. Alikuwa akiondoka chumbani, anasimama uani na vidole masikioni. Na kwa kuwa alimpenda mama yake, aliamua kumwokoa na kinyaa.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokijua wakati ule ni kwamba sampuli nambari arobaini na saba iliingia maabara kwa jina la kampuni ambayo sikuwahi kuisikia: kapsuli za rangi mbili, kijani na nyeupe, ndani yake unga wa gome uliochanganywa na tangawizi na mnanaa “kwa kutuliza tumbo”. Mwenye mali alitaka kibali cha kuuza kwa wenye kuvimba miguu. Sampuli zetu hazina majina ya watu, na sisi tunajivunia jambo hilo.

Fomu yetu ina mistari ishirini na miwili. Mstari wa kumi na saba huuliza uchungu. Kapsuli humezwa bila kutafunwa, hakuna anayeionja, kwa hiyo niliandika “haihusiki”, kama nilivyoandika kwa kapsuli zote zilizotangulia. Mstari wa kumi na nane ni wa panya. Tuliwapa panya weupe kumi na wawili unga ule kwa mrija hadi tumboni, tukawaangalia kwa siku kumi na nne. Hawakufa. Walinenepa. Vizimba vyao vilinuka kama kawaida, mkojo na manyoya na maranda yaliyolowa, nao waliketi juu ya uchafu wao wakijisafisha masharubu kwa utulivu ulionichukiza. Mstari wa kumi na tisa huuliza juu ya kemikali zinazoushika moyo: zipimwe pale panapokuwa na shaka. Sikuwa na shaka. Niliweka saini yangu Jumatatu asubuhi, nikaipeleka ripoti kwa mwenye mali na nakala kwenye ofisi ya vibali.

Saa sita mchana nilimkuta Ulimi ameinama kwenye sinki, akitema. Alitema, akasukutua, akatema tena. Pembeni yake kulikuwa na kisahani chenye kapsuli moja iliyofunguliwa, mabaki ya sampuli nambari arobaini na saba.

“Umeonja?” nilimuuliza. Ni marufuku kuonja kisichoandaliwa, na yeye ndiye aliyewafundisha wapya marufuku hiyo.

“Nilikuwa nasafisha. Kidole kimejiendea chenyewe.” Alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. “Bosi, hiki mmekitoa wapi?”

“Hatuulizi, unajua.”

“Basi nitakwambia mimi. Hili gome nalijua kuliko nilivyomjua mume wangu, Mungu amrehemu. Limepakwa tangawizi na mnanaa, kama mtu asiyeoga aliyejimwagia manukato. Lakini ni lenyewe. La mama.”

Nilimwambia, kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona haya, kwamba iwe ni la mama au la shangazi, panya wote walikuwa wazima.

“Panya,” alisema. “Walitapika?”

Nilifunga bomba lililokuwa likitiririka.

“Nakuuliza, bosi. Walitapika?”

“Panya hawatapiki,” nilisema. “Hawana uwezo huo. Maumbile yao.”

“Basi mmewauliza nini? Kila mtu niliyemwona akinywa hili gome alitapika. Mtaa mzima. Hakuna aliyewahi kukaa nalo tumboni, hata watoto.” Alikiangalia kile kisahani, na nikaona uso wake ukibadilika, pole pole, kuanzia mdomoni. “Kijani na nyeupe,” alisema. “Mama ana kopo la hizi chini ya mto. Nilidhani ni vitamini. Mdogo wangu ndiye anayemletea, na wote wawili wananichekea chini chini kama wana siri ya harusi.”

“Tangu lini?”

“Wiki. Kila asubuhi moja na jioni moja. Na hajatapika hata mara moja, nami nikamshukuru Mungu kwamba nimepumzika kumwaga matapishi.” Alikisukuma kisahani pembeni. “Lakini chakula anakikataa. Anasema kinanuka. Na amenigombeza tangu juzi kwamba sijui kufua siku hizi, shuka zimekuwa za manjano. Zile shuka ni nyeupe, bosi. Jana alimwaga maziwa. Akasema ni ya manjano.”

Kuna mambo mtu huyasoma akiwa na miaka ishirini na miwili, akayajibu kwenye mtihani, akapata alama, akayasahau kwa amani. Kuna kundi la kemikali za mimea ambazo kidogo chake huutia moyo dhaifu nguvu, maji yaliyojaa miguuni yakapungua. Zikizidi kidogo tu, huupunguza mwendo wa moyo hadi kuusimamisha. Ni chungu mno. Hutapisha. Huyafanya macho yaone kila kitu kwa rangi ya manjano. Na panya, katika viumbe vyote, amezaliwa na moyo usiozijali. Hupewa kipimo ambacho kingemwangusha mtu mzima, naye akaendelea na masharubu yake. Yote haya niliyajua. Yalikuwa ndani ya kichwa changu Jumatatu ile asubuhi nilipokuwa nikiweka saini, yamekaa kama vyombo kwenye kabati lisilofunguliwa.

Nilichukua funguo za gari. Njiani nilimweleza haya yote, naye alinielekeza tu nipite kulia.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ua wa saruji. Injinia alikuwepo, ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji, akimbembeleza mama yake ale kijiko kimoja. Chumba kilikuwa na hewa nzito ya mgonjwa, jasho lililolala, marashi na uji uliochacha. Bibi Gome alikuwa ameegemea mito, ngozi yake imelowa na ina rangi ya majivu.

“Umeleta mgeni na shuka ndiyo hizi,” alimwambia binti yake kwa sauti hafifu lakini iliyojaa ukali. “Za manjano kama za mtoto mchanga. Mwanangu, una aibu kweli?”

“Mama, kidonge cha leo umekunywa?”

“Nimekunywa. Kitamu. Hakisumbui. Mwenzako amefikiria, wewe miaka yote unashika beseni tu.”

Ulimi aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kopo. Injinia alisimama. “Dada, taratibu. Hiyo ni zawadi yangu kwa mama. Tulitaka kibali kitoke kwanza ndipo tukwambie.”

“Umetia gome ndani ya hizi.”

“Nimetia gome, ndiyo, na nimelitoa ubaya. Kuna ubaya gani mtu kunywa dawa bila kutoka matumbo?”

“Ule ubaya ndio uliokuwa unamlinda! Alikuwa anatapika nyingi, inabaki kidogo. Sasa umemfungia yote ndani!”

“Imepimwa!” Alichukua karatasi mezani, akaikunjua mbele ya macho ya dada yake. Ilikuwa ripoti yangu. Alikuwa ameichukua asubuhi ileile. “Maabara yako mwenyewe. Panya kumi na wawili, wote wazima. Soma hapa: hakuna dalili ya sumu. Yupo mtu amesaini, msomi, siyo mimi na wewe.”

Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. “Ni mimi niliyesaini,” nilisema. “Na nimekosea. Tumpeleke mama hospitali sasa hivi.”

Injinia alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani na bado hajathubutu kutazama ni nini. Kisha akambeba mama yake mgongoni.

Hospitalini walihesabu mapigo thelathini na sita kwa dakika. Daktari wa zamu, binti mwenye miwani ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alisikiliza maelezo yangu, akatazama mchoro wa moyo, na kabla sijamaliza akaitaja ile kemikali kwa jina. Hakuhitaji kufungua kabati lolote. Walimtundikia dripu yenye dawa ya kuuharakisha moyo, na kwa kuwa kapsuli ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ileile, walimnywesha mkaa wa dawa ili uifyonze sumu iliyobaki tumboni. Ni uji mweusi, mzito, wenye chengachenga. Alikunywa nusu, akautapika juu ya shuka, juu ya mikono ya muuguzi, juu ya shati la Injinia ambaye safari hii hakuondoka. Alisimama pale na weusi ule ukimtiririka kifuani, akimshika mama yake paji la uso kwa namna mbaya, kama mtu anayezuia mlango.

“Siyo hivyo,” Ulimi alimwambia. “Mpe kiganja chote. Asikie upo.”

Siku ya kwanza moyo ulisita mara mbili, na mashine ikapiga kelele ambazo sitaki kuzisikia tena. Siku ya pili mapigo yalifika arobaini na nane. Siku ya tatu shuka zilirudi kuwa nyeupe machoni pake, na Bibi Gome akaanza kuuliza maswali.

“Eti ni gome langu?” alimuuliza binti yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nikitamani kuwa pazia.

“Ni gome lako, mama.”

“Gome langu halijaua mtu.”

“Kwa sababu walilitapika. Kile kidogo kilichobaki ndicho kilichokuwa kinashusha miguu. Ni dawa na ni sumu, kitu kimoja. Tofauti ni kiasi.”

“Nani kakwambia?”

“Bosi.”

Bibi Gome aligeuza kichwa chake juu ya mto, akanipima kwa macho, kuanzia viatu. “Huyu aliyesaini?”

“Ndiye huyohuyo,” nilisema.

“Hm.” Alivuta shuka hadi kifuani. “Basi angalau ameonja pande zote mbili.”

Daktari alimweleza kwamba moyo wake ulikuwa dhaifu kwa muda mrefu, kwamba zipo dawa za hospitali za kazi ileile, zenye kipimo kinachojulikana, na kwamba kuchemsha gome hakumpi mtu kipimo. Kipande cha leo si kama cha jana. Bibi Gome aligoma mchana mzima. Alisema wazazi wake walilinywa. Binti yake akamuuliza wazazi hao walifariki na umri gani, naye akamwambia asimletee udaktari wa beseni. Lakini jioni, Injinia alipokuwa akimfuta mikono kwa kitambaa chenye maji, mama yao aliwataja majirani saba, mmoja mmoja, waliokuwa na vipande vya gome majumbani mwao, na akamtuma binti yake kwa kila mmoja. “Waambie ni mimi niliyesema walitupe. Wakikuuliza kwa nini, waambie nimekuwa kichaa; watakubali upesi zaidi.” Kisha akaongeza, “Na lile gunia mliondoe nyinyi wawili. Asiliguse mtu baki. Halafu mkanawe.”

Wale saba, wanne walilitupa. Wawili walimwuliza Ulimi ni dawa gani mpya anayotaka kuwauzia. Mmoja alimfungia mlango, na mpaka leo hamsalimii. Bibi Gome alirudi nyumbani baada ya siku tisa, akiwa na kopo la vidonge vidogo vya hospitali, na hakuna tena aliyegonga mlango wake kuomba chochote. Nilimkuta mara moja ameketi uani, akiitazama miguu yake iliyonywea kama ya mtu mwingine.

Upande wangu, nilipaswa kuifuta ripoti. Niliandika barua kwa ofisi ya vibali, aya tatu, nikampa Ulimi aisome kwa kuwa jina lake lilikuwa ndani. Niliandika kuwa “kutokana na mapungufu ya kiutaratibu, baadhi ya vipimo havikufanyika”. Aliisoma amesimama, midomo ikitembea.

“Imeandikwa vizuri,” alisema.

“Ahsante.”

“Lakini haina mtu ndani. Vipimo havikufanyika. Vilikataa vyenyewe?”

Nilirudi mezani. Nilikaa mbele ya karatasi kwa saa nzima nikisikia ladha ya ajabu mdomoni mwangu, ingawa sikuwa nimeonja kitu. Hatimaye niliandika kwamba niliacha kipimo cha uchungu kwa sababu kapsuli haionjwi, niliacha kipimo cha kemikali za moyo kwa sababu panya walinenepa, na kwamba katika yote mawili nilikuwa na elimu ya kutosha kujua. Bado sijui kama niliandika hivyo kwa sababu ni kweli, au kwa sababu mwanamke anayetema kwa kazi alikuwa amesimama mlangoni akingoja. Kibali kilizuiwa wiki ileile. Kwenye fomu mpya mstari wa kumi na saba hauna tena nafasi ya kuandika “haihusiki”. Kila unga huonjwa kabla haujafungiwa ndani ya chochote, na mwonjaji ni yeye.

Jumamosi moja Ulimi na mdogo wake walileta gunia na kapsuli zote zilizobaki, makopo mia mbili na kitu, nyuma ya jengo letu kwenye mapipa ya taka za sumu. Gunia lilikuwa limekaa miaka mingi nyuma ya mlango wa jikoni. Chini yake magome yalikuwa yamegandamana kwa unyevu, yakaota kuvu la kijivu lenye manyoya, na mende walitoka humo kwa haraka ya watu waliokatiza mazishi. Harufu yake ilikuwa ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika, na juu yake ule uchungu wenyewe, ambao hata mimi niliyefeli kwinini niliusikia nyuma ya koo.

Nilikuwa nimewapa glavu na barakoa. Kapsuli ilibidi zifunguliwe, unga umwagwe ndani ya pipa na maganda yawekwe kando. Injinia alifanya kazi kwa kasi ya mtu anayeadhibiwa. Alipofika kopo la arobaini hivi alishusha barakoa kidevuni, akidai anakosa pumzi, na upepo mdogo ukapita.

Kwanza alikunja uso. Kisha akashika ukuta. Alitapika juu ya viatu vyake mwenyewe, mara tatu, kwa kelele zilezile za mama yake, na mlinzi wa lango akageuka kuangalia.

“Nani alikwambia uvue barakoa?” Ulimi alimuuliza.

“Dada…” Alikuwa amepiga magoti, machozi yakimtoka, na kati ya machozi akaanza kucheka. “Dada, wewe unaishi na hiki kila siku?”

“Isipokuwa Jumapili.”

“Mungu wangu. Na unarudi nyumbani unakula?”

“Nakula uji.” Alimfuta kidevu kwa pindo la koti lake jeupe, bila upole wala ukali, akamwagia maji viatuni. Alitema mate pembeni, akamrudishia barakoa usoni na kuibana puani kwa vidole viwili. Kisha akainama kwenye gunia.

“Shika pembe ile,” alisema. “Bado nusu.”